George Birkbeck: Mwalimu wa Kujitolea wa Mafundi

Katika kazi yetu ya ualimu huzungumzwa sana juu ya mwalimu aliyeajiriwa: mafunzo yake, mshahara wake, na ukaguzi wa kazi yake. Ni mara chache tunapozungumza juu ya mwalimu anayejitolea, yaani yule ambaye baada ya saa zake za kazi huingia katika karakana au ukumbi wa mtaa, akawafundisha watu wazima wasiotazamia mtihani wala cheti. Hata hivyo wengi wetu tumekwisha kuombwa kufanya kazi ya namna hiyo, na wale wanaomaliza masomo yao ya ualimu sasa wataombwa pia. Kwa sababu hiyo yafaa tuyachungue maisha ya mtu ambaye, alipokuwa na umri wa miaka ishirini na minne tu, aliingia katika karakana ili atengenezewe chombo, akatoka humo akiwa na wazo lililokuja kubadili elimu ya watu wazima. Mtu huyo ni George Birkbeck, daktari wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1841.

Makala haya hayakusudii kumsifu tu. Yanakusudia kuonyesha jinsi alivyoianza kazi hiyo, pingamizi alizokutana nazo, na mahali ambapo kazi yenyewe ilipungukiwa. Mwalimu hufaidika na makosa ya waliomtangulia kama anavyofaidika na mafanikio yao.

Ujana na masomo yake

Birkbeck alizaliwa tarehe 10 Januari 1776 katika mji mdogo wa Settle, jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mwenye benki, na jamaa yake walikuwa wafuasi wa madhehebu ya Kikristo yaitwayo Quaker. Jambo hili la madhehebu si dogo. Katika siku zile vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge havikuwapa shahada watu wasiokuwa wafuasi wa Kanisa la Uingereza. Kijana wa Quaker, hata angekuwa na akili na mali, aliukuta mlango umefungwa. Basi Birkbeck alijifunza udaktari kwanza Leeds, kisha London, na mwishowe Edinburgh katika nchi ya Uskoti, ambako chuo kikuu hakikuwa na kizuizi hicho. Alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1799.

Haidhuru hatuwezi kuingia moyoni mwa mtu, lakini twaweza kuona kwamba Birkbeck alijua tangu ujana wake kuwa mlango wa elimu waweza kufungwa kwa sababu isiyohusiana kabisa na uwezo wa anayebisha hodi.

Mwaka huo huo wa 1799 aliitwa kufundisha sayansi ya maumbile katika Taasisi ya Anderson mjini Glasgow. Taasisi hiyo ilikuwa changa. Ilikuwa imeanzishwa mwaka 1796 kwa wasia wa John Anderson, profesa wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye alipokuwa hai alizoea kuwafungulia watu wa mji baadhi ya masomo yake, wakiwamo mafundi. Anderson ndiye aliyekuwa ametumia katika masomo yake mfano mdogo wa mtambo wa mvuke wa Newcomen, ambao James Watt alipewa autengeneze katika miaka ya 1763 na 1764. Na kutokana na matengenezo hayo Watt akaanza kufikiri jinsi ya kuunda mtambo ulio bora zaidi. Kwa hiyo Birkbeck alifika mahali ambapo mkono wa fundi na akili ya mtaalamu vilikuwa vimekwisha kukutana. Lakini makutano hayo yalikuwa ya mtu mmoja mmoja. Mafundi kwa jumla walikuwa bado nje.

Katika karakana ya fundi bati

Mwalimu mpya alikuta upungufu ambao kila mwalimu wa sayansi anaufahamu: vifaa havikutosha. Tena katika Glasgow hapakuwa na mafundi wa kutosha waliobobea katika kutengeneza vyombo vya kisayansi. Ikambidi aende kwa mafundi wa kawaida, awaeleze anachokitaka, na kuwasimamia mpaka kazi iishe.

Kimojawapo cha vyombo alivyovihitaji kilikuwa mfano wa pampu inayopandisha maji kwa nguvu ya mzunguko. Katika pampu ya namna hii maji huzungushwa kwa kasi, na kwa kuzungushwa huko hukimbilia nje, mbali na kitovu. Yakikuta njia ya kupanda, hupanda. Birkbeck alikwenda katika karakana ya fundi bati kuangalia mfano huo ukiundwa. Huko mafundi walimzunguka wakaanza kumwuliza maswali. Walitaka kujua chombo kile ni cha nini, kwa nini kina umbo lile, na maji yatapandaje bila ya kuvutwa.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Watu wale walikuwa wamekata bati, wamelikunja na kulilehemu kwa ustadi, na chombo kilikuwa kinatokea mikononi mwao. Lakini kanuni inayokifanya chombo hicho kitende kazi walikuwa hawakuambiwa na mtu yeyote. Birkbeck aliona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, maswali yao yalikuwa ya watu wenye akili pevu na hamu ya kujua. La pili, katika mji mzima, mji uliokuwa unatajirika kwa viwanda na kazi za mikono yao, hapakuwa na mahali ambapo watu hao wangeweza kupata majibu. Hakuwalaumu kwa kutojua. Alijiuliza kwa nini hawakupewa nafasi ya kujua, naye akaazimia kuwapa nafasi hiyo bila ya malipo.

Somo la Jumamosi jioni

Birkbeck aliwaeleza wakuu wa Taasisi azimio lake. Hawakuliunga mkono mara moja, na baadhi ya watu walilicheka. Walisema kwamba mafundi wakialikwa hawatakuja, wakija hawatasikiliza, na wakisikiliza hawataelewa. Wasomaji wa jarida hili watayatambua maneno hayo, kwa kuwa kila mwalimu wa watu wazima huyasikia kwa sura moja au nyingine. Hubashiri kushindwa kabla ya jaribio, na hivyo kuliondolea jaribio maana yake.

Birkbeck hakubishana kwa muda mrefu. Mwaka 1800 alitangaza mfululizo wa mihadhara juu ya tabia za vitu vigumu na vya majimaji, mihadhara iliyokusudiwa watu wanaofanya kazi za ufundi peke yao. Siku aliyoichagua ilikuwa Jumamosi, na saa ilikuwa ya jioni, baada ya kazi. Ada haikuwapo.

Siku ya kwanza walihudhuria watu 75. Siku ya pili walikuwa 200, siku ya tatu 300, na siku ya nne 500. Yafaa tuzitazame tarakimu hizi kwa jicho la mwalimu. Wale 75 wa kwanza waliletwa na tangazo na udadisi. Lakini wale 125 walioongezeka katika juma la pili hawakuletwa na tangazo. Waliletwa na wenzao, waliorudi katika karakana na viwanda wakasema kwamba wameelewa. Hakuna mkaguzi anayeweza kuandika taarifa nzuri zaidi ya hiyo.

Jinsi alivyofundisha ndiyo inayotuhusu zaidi. Kwanza, alitumia vyombo. Kanuni haikubaki katika maneno, bali ilionyeshwa mbele ya macho ya wasikilizaji kwa majaribio. Pili, aliepuka maneno ya kisomi yasiyo ya lazima. Tatu, alichagua mambo yaliyokuwa yanagusa kazi ya mkono: uzito na usawa, mashini sahili, maji na hewa. Fundi anayeinua mzigo kwa nyenzo au kapi hana haja ya kuambiwa kwamba nyenzo hufanya kazi. Anajua hivyo tangu utoto. Haja yake ni kujua kwa nini, ili siku atakapokutana na mzigo wa namna nyingine aweze kufikiri badala ya kubahatisha.

Kazi hiyo aliifanya mpaka mwaka 1804, alipoondoka Glasgow. Somo la mafundi halikufa alipoondoka, kwani mrithi wake, Andrew Ure, aliliendeleza. Hiyo nayo ni dalili ya kazi iliyojengwa vizuri. Mwalimu wa kujitolea ambaye darasa lake hufa siku anayoondoka amejenga juu ya nafsi yake, hakujenga juu ya haja ya wanafunzi.

London na chuo cha mafundi

Baada ya hapo Birkbeck alihamia London, akaishi kwa kazi yake ya udaktari. Miaka karibu ishirini ilipita. Kule Glasgow mafundi waliendelea na masomo yao, na mwaka 1823, baada ya kutofautiana na Taasisi, walijitenga wakaanzisha chuo chao wenyewe. Huko Edinburgh nako shule ya ufundi kwa wafanyakazi ilikuwa imefunguliwa mwaka 1821.

Habari hizi zilifika London. Wahariri wa gazeti la mafundi lililoanzishwa mwaka 1823, J. C. Robertson na Thomas Hodgskin, waliandika wakiwaita wafanyakazi wa jiji hilo waanzishe chuo kama hicho. Birkbeck alipousoma mwito huo alijitokeza bila ya kukawia kutoa msaada wake. Tarehe 11 Novemba 1823 ulifanyika mkutano mkubwa katika nyumba ya vinywaji iitwayo Crown and Anchor, katika barabara ya Strand, na yasemekana watu wapatao 2,000 walihudhuria. Tarehe 2 Desemba mwaka huo huo chuo kilianzishwa rasmi kwa jina la Taasisi ya Mafundi ya London, na Birkbeck akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza.

Yafaa ikumbukwe hali ya nyakati zile. Sheria za mwaka 1799 na 1800 zilizowakataza wafanyakazi kuungana kudai ujira bora zilikuwa bado zina nguvu. Zilifutwa mwaka 1824. Kulikuwa na watu wenye vyeo waliosema wazi kwamba mfanyakazi akifundishwa atadharau kazi yake na kuwaasi wakubwa wake. Kwa hiyo kumfundisha fundi hesabu na sayansi halikuwa tendo la huruma tu. Lilikuwa tendo lenye maana katika siasa, na aliyelifanya alijiweka katika lawama.

Birkbeck hakutoa maneno matupu. Chuo kilipohitaji ukumbi wa mihadhara, aliikopesha taasisi zaidi ya pauni 3,000 kutoka katika mali yake, na ukumbi huo ukafunguliwa mwaka 1825 katika mtaa wa Southampton Buildings. Licha ya mihadhara, palikuwa na maktaba, na madarasa ya hesabu, jiometri na uchoraji wa ramani za ufundi. Wanachama walilipa pauni moja kwa mwaka. Mwaka 1830 wanawake walianza kukubaliwa kuhudhuria, jambo ambalo vyuo vikuu vya nchi hiyo vilikuwa bado mbali nalo.

Wakati huo huo Birkbeck alikuwa miongoni mwa waliofanya juhudi za kuanzisha mwaka 1826 chuo kikuu cha London kilichowapokea wanafunzi bila ya kuuliza dini zao. Aliunga mkono pia juhudi za kuondoa ushuru uliofanya magazeti yawe ghali kwa watu maskini. Mambo hayo yote yana mzizi mmoja: milango ifunguliwe.

Alifariki London tarehe 1 Desemba 1841, siku moja kabla ya taasisi yake kutimiza miaka 18.

Mabishano na kasoro

Tusingekuwa waaminifu kama tungeishia hapo. Tangu mwanzo kulikuwa na mabishano makali juu ya nani awe na madaraka katika chuo. Hodgskin na Robertson walitaka mafundi walipie chuo wenyewe na kukiongoza wenyewe, kwa kuwa anayelipa ndiye anayeamua yatakayofundishwa. Francis Place, aliyekuwa fundi cherehani na mtu mashuhuri katika harakati za wafanyakazi, aliona kwamba bila ya michango ya matajiri chuo hakingesimama. Birkbeck alielekea upande wa Place. Katiba ya chuo iliamuru theluthi mbili za wajumbe wa kamati wawe wafanyakazi, lakini michango ya matajiri ilipokelewa, na jengo lenyewe, kama tulivyoona, lilisimama juu ya mkopo wa rais.

Wenye shaka hawakukosea kabisa. Vyuo vya namna hii vilienea kwa haraka katika Uingereza, na vikavuka bahari: Hobart katika Australia mwaka 1827, Montreal katika Kanada mwaka 1828. Hata hivyo katika vyuo vingi mafundi walipungua kadiri miaka ilivyopita, na nafasi zao zikajazwa na makarani na watu wa madukani. Sababu si ngumu kuzitambua. Fundi alifika akiwa amechoka kwa kazi ya kutwa. Wengi hawakuwa na msingi wa kusoma na kuhesabu, na mihadhara ilidhani kwamba wanao. Wahadhiri wengine hawakuwa na kipawa cha Birkbeck cha kueleza jambo kwa urahisi. Tena mambo ambayo wafanyakazi walitaka sana kuyajadili, yaani ujira, siasa na haki zao, mara nyingi yalikatazwa. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845 juu ya hali ya wafanyakazi wa Uingereza, alivishutumu vyuo hivi kwamba vimekuwa chombo cha matajiri.

Hata hivyo mti ulioota Southampton Buildings haukukauka. Chuo kilipewa jina la Birkbeck mwaka 1866, na mwaka 1920 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha London, kile kile ambacho mwaka 1961 kilikilea chuo kikuu kipya cha Dar es Salaam. Kimedumu kuwa mahali pa watu wanaofanya kazi mchana na kusoma jioni. Taasisi ya Anderson nayo ilikua, na mwaka 1964 ikawa Chuo Kikuu cha Strathclyde.

Mafunzo kwa mwalimu

Je, mwalimu anayeombwa kufundisha kwa kujitolea katika karakana ya mtaa aweza kupata nini katika maisha haya?

Kwanza, aanze kwa kusikiliza. Birkbeck hakuingia katika karakana ili afundishe. Aliingia akiwa mtu mwenye haja, na mafundi walikuwa na kitu alichokihitaji. Maswali yao ndiyo yaliyokuwa muhtasari wake wa kwanza wa masomo. Mwalimu anayefika na muhtasari uliokamilika kabla ya kusikia swali hata moja amekwisha kuamua kwamba wanafunzi wake hawajui kitu.

Pili, aheshimu ujuzi wa mkono. Seremala aliyetengeneza milango kwa miaka ishirini anajua mengi juu ya pembe na vipimo, ingawa hajui majina tunayoyatumia darasani. Kazi ya mwalimu ni kuunganisha yale ayajuayo na kanuni iliyo nyuma yake, wala si kuyafuta ili aanze upya.

Tatu, achunguze saa na mahali. Jumamosi jioni haikuchaguliwa kwa ajili ya raha ya mwalimu. Mtu mzima aliyechoka hawezi kusikiliza mhadhara mrefu. Aweza kutazama jaribio, kushika chombo, na kuuliza. Vyuo vilivyosahau jambo hili vilipoteza mafundi wao.

Nne, na hili ndilo gumu zaidi, ajiulize darasa ni la nani. Ukarimu wa Birkbeck haukuwa na unafiki, lakini chuo kinachotegemea ukarimu wa mtu mmoja huwa na deni kwake. Mwalimu wa kujitolea naye hutoa wakati na pengine fedha, na ni rahisi aanze kuliona darasa kuwa mali yake. Yafaa tangu siku za mwanzo awape wanafunzi sehemu ya madaraka: watunze vifaa, wapange ratiba, wachague somo la juma lijalo, na wale walioelewa upesi wawafundishe wenzao. Hapo akihamishwa, kama Birkbeck alivyohama Glasgow, somo litaendelea.

Mafundi bati wale wa Glasgow hatuyajui majina yao. Lakini bila ya maswali yao Birkbeck angeichukua pampu yake na kwenda zake, akaionyesha kwa wanafunzi waliokwisha kulipa ada. Kwa hiyo, mwalimu utakapoingia katika karakana, nawe ukaulizwa na mtu mwenye mikono yenye masizi kwa nini chombo hutenda kama kinavyotenda, usiharakishe kwenda zako.